Bwawa Lisilo na Samaki

Bwawa likishajaa maji, kila apitaye huuliza samaki wako wapi. Huuliza mama anayepanda kutoka mtoni na mtungi wake, huuliza kijana wa bodaboda aliyesimama kupumua, huuliza watoto wanaotoka shule viatu mkononi. Mwenye bwawa akijibu kwamba bado, kwamba maji yanatengenezwa kwanza, humtazama kwa mashaka. Maji hutengenezwaje, na yameshatoka kwenye chemchemi yakiwa maji?

Nimelifikiria swali hilo muda mrefu, nikizunguka mabonde ya kwetu kuanzia Keroka hadi Manga, kutoka vilima vya chai vya Nyansiongo hadi kingo za mto Gucha. Imani yangu ni kwamba majuma yale ambayo bwawa lina maji na halina samaki ndiyo huamua karibu kila kitakachofuata. Sisi Wagusii, tunaojua kuandaa shamba la wimbi na la mahindi kwa uangalifu ambao wageni huusifu, tumechelewa kuyapa majuma hayo heshima yake.

Najua kwa nini tumechelewa. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima vilivyojaa watu. Mashamba yamegawanywa baba kwa wana, wana kwa wajukuu, hadi familia nyingi hazina hata ekari moja, na juu ya kipande hicho lazima vienee nyumba, migomba, mahindi, majani ya ng'ombe, pengine na mistari michache ya chai. Bwawa la kawaida la mkulima mdogo wa Kenya lina mita 300 za mraba. Kwa mwenye nusu ekari, hiyo ni karibu sehemu moja ya saba ya ardhi yake yote. Ukimwambia aijaze maji halafu aiache majuma matatu au manne bila kitu cha kupeleka sokoni, unamwomba jambo zito. Haraka yake siidharau hata kidogo. Mahali ambapo hata ukingo wa barabara hupandwa viazi vitamu, ardhi iliyotulia huonekana kama ardhi iliyopotea.

Haraka hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi na kuuingiza ufugaji wa samaki ndani yake. Katika awamu ya kwanza yalipangwa mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Kila bwawa mita 300 za mraba, vifaranga 1,000 kwa kila bwawa. Vijana walilipwa kuchimba, na mabondeni mwetu yakatokea maumbo ambayo hayakuwahi kuwapo, mistatili ya maji kando ya migomba. Mpango ule nausifu kwa jambo moja kubwa: uliwafanya watu waliozoea kuona samaki akija kutoka ziwani, kupitia Kendu Bay na Oyugis hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii, waanze kufikiri kwamba samaki anaweza kutoka kwao wenyewe.

Lakini kilichohesabiwa kilikuwa mashimo na vifaranga. Shimo hupigwa picha likiwa na wachimbaji wake, kifaranga hupigwa picha akimiminwa kutoka kwenye ndoo na mgeni wa heshima aliyekunja suruali. Kilicho katikati, yaani hali ya maji yenyewe, hakina picha. Msaada ulipopungua, mabwawa mengi nchini yaliachwa. Ziko sababu nyingi, na bei ya chakula cha samaki ni mojawapo kubwa. Hata hivyo, kwa macho yangu naona kwamba mengi yalishindwa kabla hata chakula hakijawa tatizo, kwa kuwa samaki waliwekwa ndani ya maji ambayo hayakuwa tayari kuwapokea.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Kwanza ni udongo. Ule mwekundu wa vilima vyetu ni wa asili ya volkano. Unalimika vizuri, unashika mizizi, na unanyonya maji haraka. Sifa hiyo ya mwisho humpendeza mwenye chai na humsumbua mwenye bwawa. Chini kabisa bondeni, palipo na udongo mfinyanzi wa kijivu ule unaotumika kufyatulia matofali, maji hukaa. Jaribio lake halihitaji chombo chochote. Chukua konzi ya udongo wenye unyevu, ufinyange uwe tufe, urushe juu kidogo na uudake. Ukisambaratika, hapo hapafai. Ukibaki mzima, endelea. Kisha chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji asubuhi, jioni ulitazame, ulijaze tena na ulifunike kwa majani usiku kucha. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yamo, ardhi imekubali. Jaribio hili ni la siku moja na usiku wake, na linaweza kuokoa miaka. Aliye na udongo unaovuja na hana pengine pa kwenda hutandika laina ya plastiki, lakini hiyo ni fedha, na laina haina uhai wa tope ambalo nitalieleza.

Kwenye mteremko kuna kazi nyingine isiyopaswa kuahirishwa: mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu wa bwawa. Mvua yetu ni nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya Gusii. Ikishuka na udongo mwekundu hadi ndani ya bwawa, maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, mwanga haupenyi, na chochote kilichokuwa kimeanza kuishi humo kinakufa gizani.

Halafu inakuja chokaa. Nilimkuta mama mmoja upande wa Magombo akiimwaga chokaa kwenye sakafu ya bwawa lake kavu, lililopasukapasuka kwa jua. Alikuwa amejifunga leso puani, amefungua mfuko ubavuni, na anatembea kinyumenyume ili asikanyage alipokwisha kumwaga. Alichota kwa sahani ya bati, akatikisa mkono kama anayepepeta, na unga mweupe ukatua kwenye nyufa. Alirudi mara mbili kwenye kona moja iliyobaki na unyevu.

“Hapo umeshaweka, mama,” nikamwambia.

“Hapo ndipo maji yalipokuwa yakinuka, mwanangu,” akajibu bila kuinua uso. “Panataka zaidi.”

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi. Ile kona ilikuwa na tope jeusi la majani yaliyooza bila hewa, na tope la namna hiyo ndilo lenye asidi kali na mayai ya kila mdudu. Kuanika bwawa hadi lipasuke huingiza hewa ndani ya tope, huozesha kilichobaki kwa njia safi, na huua samaki wa porini na viluwiluwi vilivyojificha. Chokaa humalizia kazi hiyo.

Kipimo cha kawaida ni kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo kwa kila mita 100 za mraba, na kwenye udongo wenye asidi nyingi huhitajika zaidi ya hapo. Wa kwetu ni wa aina hiyo. Chai hustawi Nyamira kwa sababu inapenda udongo wa asidi, na mahali chai inapofurahi, maji ya bwawa huanza yakiwa makali na matupu. Wakulima wa mahindi wanalijua jambo hili kwa upande wao, kwani miaka mingi ya mbolea za dukani imezidisha asidi, na siku hizi chokaa kutoka machimbo ya Koru, Kaunti ya Kisumu, haiwashangazi tena. Wanaoinunua kwa ajili ya mahindi huwa hawafikirii kwamba sakafu ya bwawa ni udongo uleule wenye ugonjwa uleule.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Katika udongo wenye asidi, madini ya chuma na alumini huikamata fosforasi na kuifungia. Mkulima hutia samadi ndoo kwa ndoo, na maji yanabaki meupe, kwa kuwa chakula cha mimea kimefungwa ndani ya tope. Atasema samadi ya ng'ombe wake haina nguvu. Chokaa huifungua fosforasi hiyo. Zaidi ya hapo, huyapa maji uwezo wa kuhimili mabadiliko: bila uwezo huo, pH hupanda mchana mimea ikivuta hewa ukaa, hushuka usiku ikiitoa, na kifaranga anayeishi ndani yake hupitishwa kwenye misukosuko miwili kila siku ya Mungu. Wataalamu hutaka maji yawe na angalau miligramu 20 za madini ya namna ya chokaa kwa lita kabla hawajayaamini.

Kuna kosa la haraka linalofanyika hapa: kumwaga chokaa na samadi siku moja ili kumaliza kazi. Chokaa mpya hupandisha pH, na pH ikipanda, naitrojeni ya samadi hugeuka gesi ya amonia na kupaa. Fosforasi nayo hushikamana na chokaa na kuzama. Viwili vizuri vinaangamizana. Lazima lipite juma moja hivi, au mawili ikiwa bwawa ni jipya, na katika siku hizo mwenye bwawa hana la kufanya isipokuwa kuacha mambo yafanyike.

Baada ya hapo maji huingizwa kupitia wavu mwembamba, ili samaki wa mtoni na mayai yao wabaki nje, na samadi hutiwa kwenye kizimba cha fito pembeni mwa bwawa, kinachochukua kama sehemu moja ya kumi ya eneo lake. Nijuavyo mimi, samadi ndiyo inayoleta mabishano nyumbani. Kikapu kinachokwenda bwawani hakiendi kwenye migomba, na migomba inaonekana kutoka mlangoni. Nimesikia wake na waume wakibishana juu ya vikapu vitatu vya samadi kwa uzito ambao watu wa mjini huuweka kwenye mkopo wa gari, nami naona wana haki kabisa ya kubishana.

Siku chache zikipita, maji huanza kubadilika. Kwanza yanapoteza ung'aavu, halafu yanapata rangi ya kijani hafifu, kisha kijani cha jani la mgomba linapofunguka. Rangi hiyo ni umati wa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mmoja mmoja, na ndani yake wamo wadudu wadogo wanaoila, na hao ndio chakula cha kwanza cha kifaranga wa ngege. Kipimo chake ni mkono wa mtu. Uzamishe taratibu, kiganja kikiwa kimefunguka. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, mbolea imezidi. Maji yakipita kiwiko na bado unahesabu vidole, bado kuna kusubiri. Kikipotea maji yanapogusa kiwiko, karibu sentimita 30, bwawa liko tayari kwa upande huo. Ila lazima uangalie ni kitu gani kinachoficha kiganja, maana tope jekundu la mvua nalo huficha, na halilishi samaki yeyote.

Kipimo hiki cha kiwiko kina ndugu yake baharini. Mwaka 1865, padri na mwanaastronomia wa Kiitaliano Angelo Secchi alizamisha kisahani cheupe kutoka kwenye meli ya Papa katika Bahari ya Mediterania, akapima kina ambacho kisahani kilipotea machoni. Kisahani chake kinatumika hadi leo katika maziwa, bahari na mabwawa ya dunia nzima. Napenda kufikiri kwamba chombo kilichobuniwa kwa ajili ya maji ya chumvi kimeingia, kwa umbo la kiwiko cha mkulima, hadi kwenye bonde la Gucha. Hata taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambayo makao yake makuu yako Mombasa kando ya mawimbi, ina kituo cha ufugaji wa samaki Kegati, karibu na mji wa Kisii. Maji ya chumvi na maji baridi yana watafiti walewale, kwa kuwa kanuni zake nyingi ni zilezile.

Anayefahamu kanuni hizo kwa uchungu kuliko wote ni yule anayeanza kufuga samaki wa bahari ndani ya kioo nyumbani. Baadhi ya samaki hao hukusanywa katika pwani yetu ya Kenya na kusafirishwa ng'ambo. Mtu ananunua kioo, anachanganya chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, anaweka mchanga na mawe ya matumbawe, taa, pampu, na kila kitu kinameremeta. Maji ni safi kama machozi, na yanaweza kumuua samaki atakayetiwa humo siku hiyo. Anatakiwa asubiri majuma manne hadi sita, akipima na kuandika, kioo kikiwa kitupu sebuleni, na wageni wakimuuliza swali lilelile la wapita njia kando ya bwawa.

Kilichokosekana katika maji yale safi ni bakteria. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapopumua, na chakula kinachooza hutoa nyingine. Amonia ni sumu. Katika maji yenye pH 7, chini ya asilimia moja ya amonia yote huwa katika umbo lenye sumu kali. Katika pH 9, kwenye joto la nyuzi 25, umbo hilo hupita theluthi. Amonia ileile, samaki yuleyule, maji yamebadilika tu. Kuna kundi la bakteria linaloigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi na mimea huila. Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya kazi Zürich, ndiye aliyethibitisha karibu mwaka 1890 kwamba kazi hii hufanywa na viumbe hao. Bakteria hao huzaliana polepole mno wakilinganishwa na wale wanaochachusha maziwa. Hawaji kwa amri. Wanahitaji mahali pa kushika, hewa, joto, na amonia kidogo ya kuanzia, na ndiyo maana anayeandaa kioo huacha kipande cha chakula kioze humo kwa makusudi, asubiri amonia ipande na kushuka, asubiri nitriti ipande na kushuka. Zote mbili zikifika sifuri, ndipo anunue samaki, mmoja au wawili.

Katika bwawa la udongo kazi hiyo inagawanywa. Mimea midogo ya kijani hujilia amonia nyingi moja kwa moja, na bakteria walio kwenye tope hushughulikia sehemu yao. Nilitaja uhai wa tope, ndio huu. Kwa hiyo kijani cha maji kina faida mbili kwa pamoja, kumlisha kifaranga na kumwondolea uchafu wake, na bwawa lililotiwa samaki likiwa bado na maji meupe limenyimwa vyote viwili.

Kabla sayansi haijayajua haya, kulikuwa na mwanamke wa London aliyeitwa Anna Thynne. Mwaka 1846 alileta matumbawe hai kutoka Torquay, mji wa pwani, akayaweka nyumbani mbali na bahari. Maji ya bahari yalikuwa shida kuyapata upya, basi kila siku mtumishi wake wa ndani aliyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au dakika arobaini na tano, ili yapate hewa. Baadaye Thynne alitia mwani, mwani ukaanza kuyatengeneza maji wenyewe, na jina lake likaingia katika historia ya ufugaji wa viumbe wa bahari ndani ya vyombo. Jina la mtumishi silikuti katika habari hiyo. Mimi humkumbuka yeye kwanza, kwa sababu mabondeni kwetu pia kazi ya kuyaandaa maji hufanywa na mikono isiyotajwa: wanaobeba samadi, wanaokata nyasi za kingo, wanaoamka alfajiri kutazama kama maji yana hewa. Wengi wao ni wanawake, na ardhi mara nyingi imeandikwa jina la mwingine.

Kuna jambo moja ambalo miongozo hailisemi kwa nguvu inayostahili. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira zinapita mita 2,000. Ngege ni samaki wa joto: hustawi maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hula kwa uvivu na hukua kwa uvivu. Hilo wafugaji wengi wanalijua. Wasiloambiwa ni kwamba baridi huwachelewesha bakteria na mimea midogo vilevile. Siku kumi za kando ya ziwa Kisumu haziwi siku kumi za Nyansiongo mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala kwenye chai saa tatu asubuhi. Mkulima aliyesoma kwamba bwawa huiva kwa siku kumi, akahesabu kumi, akatia vifaranga, alitii karatasi iliyoandikiwa maji ya mahali pengine. Ningependa kila mwongozo unaogawiwa huku ufute hesabu ya siku na uweke kiwiko, pua na kipimajoto. Na ningependa bwawa lichimbwe palipo na jua la kutosha, mbali na mikaratusi, ambayo hutia kivuli, hudondosha majani yasiyooza vizuri, na hunyonya maji ya chemchemi ambazo mababu walizilinda.

Yule mama wa Magombo nilimwona tena maji yake yakiwa kijani, bado hafifu. Simu iliita tukiwa tumekaa ukingoni. Aliyepiga alikuwa muuza vifaranga, ana gari linalopita kesho yake, anataka kuleta.

“Usilete kesho,” akamwambia. “Maji hayajashika.”

Sauti ya upande wa pili ilipanda. Nilisikia neno mteja, nikasikia neno mafuta.

“Baba, mimi sikatai,” akasema, kwa upole ule ambao mama zetu huutumia wanapokuwa wamekwisha kuamua. “Kama kuna mwingine njiani, mpe hao. Mimi utaniletea wa safari ijayo. Hata wakija kesho wakafa, wewe utakuwa umeuza na mimi nitakuwa nimezika.”

Alipokata simu aliniuliza ninaonaje. Nikamwambia amefanya vizuri. Akasema mumewe hataona hivyo, kwa sababu safari ijayo huenda bei ikapanda. Hapo sikuwa na jibu. Anayesubiri kwa ajili ya maji hulipa gharama ya kusubiri peke yake, na anayeuza kwa haraka halipi chochote samaki wakifa; kifo cha kifaranga baada ya siku tatu huhesabiwa kuwa uzembe wa aliyenunua.

Vifaranga wakifika, hatua za mwisho ni fupi na hazina ugumu. Mfuko wa plastiki wenye hewa ya oksijeni huachwa uelee juu ya maji ya bwawa kwa robo saa au nusu saa hadi joto la ndani na la nje lilingane. Halafu hufunguliwa, maji ya bwawa huingizwa kidogo kidogo, na samaki huachwa watoke wenyewe. Ni vizuri kazi hiyo ifanywe asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limepoa. Siku za mwanzo chakula kiwe kichache, maana bwawa lenye kijani kizuri tayari linawalisha, na chakula kilichozidi kinageuka amonia kabla bakteria hawajaongezeka kuikabili. Watatu kwa kila mita ya mraba wanatosha.

Kaunti zetu mbili zitanunua vifaranga tena. Kila bajeti ina fungu la namna hiyo, na silipingi. Ninachoomba ni mpangilio wake ubadilike. Mfuko wa chokaa utangulie, uletwe pamoja na mtu wa kupima udongo. Kipimo cha pH, ambacho ni kitu kidogo cha kutosha mfukoni, kiachwe katika kila kikundi cha wafugaji, kiwe mali yao. Afisa wa uvuvi apewe pikipiki na mafuta ya kurudi mara ya pili na ya tatu, kwa sababu maji hayaivi siku ya ziara. Tarehe ya vifaranga ipangwe na mwenye bwawa, na muuzaji aliyeshinda zabuni afungwe na tarehe hiyo kwa bei ileile. Na hundi ya vifaranga isitiwe sahihi mpaka afisa huyo amekunja shati lake pale ukingoni na kuzamisha mkono wake mwenyewe hadi kiwiko.